Kutoka a Ndogo Hadi z Ndogo

Ofisi ya Meneja, Makao Makuu
4 Januari

Kwa: Mtunza Mafaili, Karakana ya Miguu ya Bandia
Nakala: Wajumbe wote wa Bodi

YAH: KUJIELEZA KUHUSU KUPOTEA KWA KUMBUKUMBU ZA MIGUU 212

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 31 Desemba, saa tano asubuhi, ulikaa mbele ya kompyuta ya karakana kufanya usafi wa mwisho wa mwaka. Ulipoinuka saa tano na dakika nne, kumbukumbu za miguu 212 zilikuwa hazipo. Hukuridhika. Ukanakili kilichobaki juu ya diski ya akiba, na diski nayo ikafuta yaleyale kwa utiifu uleule.

Kwa faida ya Wajumbe ambao hawajafika karakana, naeleza utaratibu. Kila anayepewa mguu kwetu huupa jina siku ya kwanza, na faili hubeba jina la mguu, si la mtu, ili siri ya mtu ibaki yake. Ndiyo maana tuna miguu inayoitwa Kisirani, Twende na Usinisukume. Kila mguu una mafaili mawili: la vipimo, na la sauti, ambamo mwenyewe anautaja mguu wake na kusema kwa nini kauita hivyo. Mwenye mguu akiwa hai, jina huanza kwa herufi kubwa. Akifariki, Mtunza Mafaili hulibadilisha lianze kwa herufi ndogo, ndugu wanapewa nafasi ya kuchukua nakala, na mwisho wa mwaka majina yote ya herufi ndogo yanafutwa kupisha nafasi. Safari hii wamefutwa waliokufa, na walio hai wamefutwa pamoja nao.

Watu mia mbili na kumi na wawili itabidi waitwe, wapakwe plasta na kupimwa upya, wengine wakiwa safari ya siku mbili kutoka hapo. Alhamisi alifika mama mmoja, mguu umepasuka kwenye goti. Amekuja kwetu miaka tisa. Tulimwambia hatumjui.

Kuanzia leo umesimamishwa kazi. Ufunguo mkabidhi Fundi Plasta. Usiguse kompyuta ya karakana wala barua pepe ya ofisi. Ujieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini usiachishwe kazi.

Usinipigie simu.

Meneja


Nyumbani
9 Januari

Kwa: Meneja
Nakala: Wajumbe wote wa Bodi, kwa kuwa wewe ndiye uliyewaalika

YAH: KUJIELEZA

Barua yako nimeipata. Siku saba ulizonipa nimetumia tano, mbili nakurudishia.

Mimi kazi hii sikuisomea darasani. Nilijifunza kwa kitabu kisicho na jalada wala kurasa ishirini za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui mwandishi aliahidi nini. Najua tu alichotimiza. Wajumbe wanivumilie nikieleza kwa namna hiyo hiyo, kuanzia katikati.

Kompyuta yetu haina picha za kubofya. Ni skrini nyeusi: unaandika amri, inatii, haikuulizi kama umelala vizuri. Badala ya kutaja majina mia moja, unaipa kiolezo, yaani umbo la jina, na yenyewe inatafuta majina yanayoenea humo. Kinyota, hiki *, ni mlango usio na mlinzi, chochote kinapita. Alama ya kuuliza ni kigoda cha mtu mmoja: herufi moja inakaa, ya pili inabaki nje. Mabano ya mraba ni orodha ya waalikwa. Ukiandika [a-z] umesema aingie yeyote anayeanzia na a mpaka z, herufi ndogo. Hivyo amri ya usafi wangu ni hii, na imekuwa hii kwa miaka kumi na mmoja:

rm [a-z]*

Futa kila jina linaloanza kwa herufi ndogo, lifuatiwe na chochote. Ndiyo sababu Fundi Plasta ananiita Bwana Kinyota, na simkatazi.

Miaka kumi amri hii haikugusa herufi kubwa hata moja. Mwaka wa kumi na mmoja imezila karibu zote. Amri ni ileile. Vidole ni vilevile, vimezeeka kidogo. Kilichobadilika ni kimoja. Mwezi wa Oktoba alitumwa fundi wa kompyuta kutoka Makao Makuu na waraka uliosema mashine zote zianze kutumia lugha yetu. Jambo jema, nililipigia makofi. Lakini mashine ikibadilishwa lugha haibadilishi maneno tu, inabadilisha na foleni ya herufi. Zamani ilizipanga kubwa zote upande wao, ndogo zote upande wao. Sasa inazipanga kama kamusi: a ndogo, A kubwa, b ndogo, B kubwa, hivyo hivyo wawili wawili kama harusi. Ukiiambia toka a mpaka z, inapita ikikusanya kila mtu njiani, inasimama kwenye z ndogo. Nyuma yake amebaki mmoja tu, Z kubwa.

Wajumbe waiulize Karakana ni miguu gani imesalia. Ni mitatu. Zeze, Zogo, na mmoja mwingine. Yote Z kubwa. Ukutani hakuna panya anayechagua hivyo.

Waraka ule ulisainiwa na nani sitaji. Saini ni ndefu, ina mkia.

Mtunza Mafaili


Ofisi ya Meneja
13 Januari

Kwa: Mtunza Mafaili
Nakala: hakuna

Waraka niliusaini mimi na ningeusaini tena. Watu wanaokuja pale na mkongojo mkononi wana haki ya kuona kwenye skrini maneno wanayoyaelewa. Umeishi miaka kumi na mmoja ukiwa wewe peke yako unayejua skrini inasema nini, na ulipenda iwe hivyo. Sasa unataka kusema lugha ya bibi zetu ndiyo iliyofuta watu.

Hebu tuone nani kafuta. Mashine inaandika kila amri inayopewa, wala hilo si wewe uliyenifundisha. Jana nilimwamuru Fundi Plasta anisomee historia hiyo kwa simu, mstari kwa mstari. Ukutani kwenye chumba chako umebandika karatasi kwa mwandiko wako: TAZAMA KABLA YA KUFUTA. Unawafundisha wote watangulize ls, wasome kwanza orodha ya majina yatakayonaswa, kisha ndipo waandike rm kwa kiolezo kilekile. Fundi Plasta anasema uliwahi kumnyima mwanafunzi cheti kwa kusahau ls mara moja.

Tarehe 31 Desemba hakuna ls. Kuna rm tu, peke yake, kama kofi.

Nikamwambia arudi nyuma. Mwaka juzi hakuna ls. Mwaka wa kabla yake hakuna. Miaka mitatu umefuta kwa kufumba macho. Ungetazama ungewaona Kisirani na Twende na wote wamejipanga kwenye orodha ya wafu, na mkono ungesita hata kama ungekuwa mkono wako. Kwa hiyo hizo harusi za a na A wapigie wengine vigelegele.

Na kwa kuwa barua hii haina nakala, niseme la pili. Miaka hiyo mitatu naihesabu vizuri. Inaanzia Machi aliyofariki dada yangu. Nilikuandikia mara ya kwanza kuomba faili lake la sauti. Ukanijibu nijaze fomu namba tatu. Nikajaza. Ukasema fomu imepitwa na wakati. Mara ya tatu hukujibu kabisa. Huyo alikuwa mke wako. Umemgeuza herufi ndogo, umengoja Desemba, umemfuta kama vumbi la plasta, na sasa najua hukutazama hata jina lake likiondoka.

Ulimzika bila mimi. Nilipata habari siku ya nne, udongo umeshakauka. Sauti ilikuwa ndiyo kilichobaki.

Bodi inakaa Jumatatu, tarehe 27. Nitapendekeza uachishwe.

Meneja


Nyumbani
17 Januari

Shemeji,

Umeondoa nakala, nami naondoa cheo. Tuongee sasa kama watu wanaochukiana kihalali.

La kwanza ni la kazi. Huniamini kuhusu foleni ya herufi. Sawa, usiniamini, jaribu. Kompyuta ya mezani kwako imebadilishwa na fundi yuleyule, kwa waraka uleule. Fungua skrini nyeusi. Tengeneza folda mpya, iite upendavyo, hata jina langu. Ndani yake andika

touch a1 A2 b1 B2 z1 Z2

Hapo umezaa mafaili sita matupu, hayana hatia. Kisha andika ls [a-z]* na usome. Ukiona matatu, mimi ni mwongo na uchukue kazi yangu Jumatatu. Ukiona matano, la sita linalokosekana ni Z2, basi kaa kidogo kabla ya kuinuka. Herufi na namba nimeziandika zisirudiane makusudi, usije ukasema ni mazingaombwe.

La pili, la kutazama. Umenikamata. Fundi Plasta ana macho ya kipanga na mdomo wa kuku, siku moja vitamgombanisha. Kweli sikutazama, na kama ningetazama watu 212 wasingepakwa plasta mara ya pili kwa ajili yangu. Waraka wako ulichimba shimo. Mimi nilikuwa natembea nimefumba macho. Wewe ulipata kosa moja katika Oktoba moja. Mimi nimepata matatu, Desemba tatu mfululizo, ila mawili ya kwanza yalinisamehe. Sababu ninayo na siisemi.

La tatu, mazishi. Nimekaa kimya miaka mitatu kwa sababu ya marehemu, sasa nimechoka kumtunzia siri. Ni yeye aliyekataza uambiwe. Ilikuwa wiki ya mtihani wako wa uongozi. Akaniambia, "Usimwambie mpaka aweke kalamu chini. Akija hapa atalia, akilia atafeli, akifeli atanilaumu mpaka kiyama." Nikamwambia utanilaumu mimi. Akasema, "Wewe umezoea." Akafariki Jumanne. Wewe uliweka kalamu chini Ijumaa. Nikakuandikia Ijumaa hiyohiyo. Kiti unachokalia unapoandika barua za kunifukuza, yeye ndiye aliyekishikia mguu kisiyumbe.

Nawe ulikuja. Ukasimama mlangoni msibani, watu wamejaa mpaka barazani, ukasema, "Umemzika dada yangu kama paka." Mbele ya mama yangu. Maji yakimwagika hayazoleki, Shemeji, na yale yalimwagika kwenye mkeka nilioukalia.

La nne, faili. Hukuniuliza kama lipo. Ulinieleza kwamba halipo. Mtu akishajieleza mwenyewe namna hiyo simsumbui.

Shemeji yako, kwa bahati mbaya


Ofisi ya Meneja
22 Januari

Shemeji,

Folda nimeiita Kiburi. Mafaili ni matano. Z2 halimo.

Nimerudia mara nne, na mara ya tano nikamwita mhasibu atazame naye, nisiseme ni macho yangu. Akauliza kwa nini tunacheza na herufi saa za kazi. Kwa hiyo la waraka nimelikubali, na nitalisema mbele ya Bodi kwa mdomo wangu. Usishukuru. Sikufanyii wewe.

Kisha nikakaa kidogo, kama ulivyonishauri. Nikafikiri kuhusu ile sentensi yako: "Zeze, Zogo, na mmoja mwingine." Mtu anayeeleza kinyota kwa mistari sita, akafika kwenye jina la tatu akachoka? Nikampigia Fundi Plasta. Akasita. Nikamwambia asome au ajieleze kwa maandishi. Akasoma.

Zamu. Mguu wa dada, kwa Z kubwa.

Kwa hiyo hukumfuta. Hata hukumgeuza. Miaka mitatu mtu aliyekufa amekaa kwenye daftari lako na walio hai. Nilitaka kufurahi, furaha ikageuka. Kwa sababu ina maana kila barua niliyokuandikia nikiomba, sauti ilikuwa hapo, hatua tano kutoka kwenye kiti chako, nawe ukanitumia fomu namba tatu.

Kuna zaidi. Walio kwenye orodha ya walio hai hupata soksi za kigutu kila mwaka, sita kila mmoja. Nimetazama daftari la stoo. Zamu amepokea sita, na sita, na sita. Zimesainiwa kwa mwandiko wako. Hiyo ina jina, Shemeji, na Bodi wanalijua hilo jina. Nani anazivaa?

Mguu ule uliitwa Zamu kwa nini, sijui mpaka leo. Siku zote nilidhani ni wewe uliyempachika. Nilipomuuliza dada alicheka, akasema, "Kamuulize mwenye faili." Ndiyo sababu nikawa naomba.

Fundi Plasta ameninakilia faili la sauti, limefika asubuhi hii kwenye diski ndogo, ndani ya bahasha. Liko mezani. Sijalifungua. Nimeamua nitalifungua Jumatatu mbele ya Bodi, kama ushahidi kwamba umeghushi daftari. Wasikie mwenye soksi ni nani.

Meneja


Nyumbani
24 Januari

Shemeji,

Barua hii nimempa dereva wa gari la plasta akuletee mkononi, kwa kuwa posta ingefika Jumatano na wewe umesema Jumatatu.

Usilifungue mbele ya watu. Nifukuze, nishtaki kwa soksi, andika chochote, nitasaini. Lakini lile lifungue ukiwa peke yako, mlango umefungwa.

Nakuambia kilichomo, maana hutaniamini nikikuomba tu.

Inaanza sauti yangu, ya miaka kumi iliyopita, nikijifanya ofisa. Nauliza, "Jina la mguu?" Anasema, "Zamu." Nasema, "Zamu ya nini, dada?" Simjui bado, ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona. Anasema hivi, nimelisikiliza mara nyingi kiasi kwamba silihitaji tena faili lenyewe:

"Mdogo wangu alinibeba mgongoni miaka miwili kwenda shule. Mimi wa miaka kumi na mbili, yeye wa kumi, mwembamba kama ufagio. Mguu wangu huu mmoja unaburuzika chini kwa kuwa yeye ni mfupi. Akichoka ananitua kwenye jiwe, anasema, dada, siku ukipata mguu ni zamu yako kunibeba. Basi mguu ndio huu. Aje. Mwambieni aje hata kesho, nimbebe." Anacheka. "Ila kwanza apunguze kula, siku hizi amekuwa mtu mkubwa."

Kisha nacheka mimi, ninasikika. Ilikuwa siku ya kazi na watu wengine wanangoja kwenye benchi, lakini nacheka mpaka naangusha kalamu, inasikika na kalamu.

Hilo ndilo nililokunyima. Mguu uliitwa kwa ajili yako, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Uliposimama mlangoni kwangu na neno lile la paka, nilisema moyoni: huyu hataisikia. Nikatafuta fomu. Fomu namba tatu, kama hukuwahi kuisoma vizuri, ni ya kuombea ukarabati wa benchi.

Sasa nakuambia na ile sababu. Kazi yangu ilikuwa kumgeuza herufi ndogo Machi ile. Ni kugonga mara moja tu. Nilikaa mbele ya mashine nikashindwa. Desemba ilipofika, ningeandika ls, ningeiona orodha ya waliokufa, ningeona yeye hayumo, na ningelazimika kukumbuka kwamba anatakiwa awemo. Kwa hiyo nikaacha kutazama. Nilitupa jongoo na mti wake: ili nisimwone mmoja, nikawafumbia macho wote, na mwaka huu wote wakanilipa. Yule mama wa goti aliambiwa hatumjui kwa sababu yangu. Hilo usilipunguze kwenye taarifa yako.

Soksi hazivaliki, hazina kisigino. Moja nimeivisha chupa ya chai. Kumi na saba ziko kabatini, zimekunjwa kama alivyokuwa akizikunja yeye, ncha ndani. Nitazirudisha stoo.

Sijaomba msamaha na siombi. Naomba mlango ufungwe tu.

Shemeji


Ofisi ya Meneja
30 Januari

Kwa: Mtunza Mafaili
Nakala: Wajumbe wote wa Bodi, ukurasa wa kwanza tu

YAH: UAMUZI WA BODI

Bodi ilikaa tarehe 27 Januari. Imeona kwamba mpangilio wa herufi ulibadilishwa kwa waraka wa Meneja bila karakana kuarifiwa, na kwamba Mtunza Mafaili alifuta bila kutazama, kinyume cha karatasi aliyoibandika mwenyewe. Unapewa onyo la maandishi na unarejeshwa kazini. Mashine zitaendelea kutumia lugha yetu. Foleni ya herufi peke yake imerudishwa ya zamani, nawe utathibitisha kwa mafaili sita matupu kabla ya kugusa kitu kingine. Diski za akiba zitakuwa mbili, na ya pili hainakiliwi siku ya usafi.

Utawaandikia watu wote 212 kwa mkono wako, si kwa barua ya kuchapa. Utawaomba radhi. Wakija utawarekodi upya, na utaanza na mama wa goti. Asiyekumbuka kwa nini aliuita mguu wake alivyouita, utamngoja akumbuke.

Soksi kumi na saba zimepokelewa stoo. Moja imeandikwa kama iliyochakaa.

Meneja


(Ukurasa wa pili, bila nakala)

Shemeji,

Dereva wa plasta alinikuta Jumamosi mchana kwenye ngazi za ofisi. Barua ina vidole vyake vyeupe pande zote. Nilifunga mlango.

Mbele ya Bodi bahasha ilibaki kwenye mkoba wangu. Mjumbe mmoja aliuliza ushahidi wa daftari uko wapi. Nikamwambia nimeshautazama na unanihusu mimi. Hawakupenda. Sasa nami nimepewa barua ya kujieleza, siku saba, kuhusu waraka wa Oktoba. Nitahitaji unisaidie pale kwenye mabano ya mraba. Ile harusi ya a na A usiitie, tafuta mfano wa heshima.

Sijakusamehe. Lile la benchi hasa. Miaka mitatu nimekuwa nikiomba kwa adabu ukarabati wa benchi. Nawe usinisamehe lile la paka, sitaki tudaiane wema. Lakini kuna kitu sikukuambia wala sikumwambia yeye. Lile jiwe alilolitaja, la kumtua, halikuwa la kupumzikia. Nilikuwa namweka pale nikazunguka nyuma ya ukuta wa shule kulia, kwa sababu alikuwa mzito na nilimchukia kila asubuhi, kisha nikarudi kumbeba. Alidhani nilikuwa nachuma matunda. Nilitaka kumwambia nikimaliza mtihani.

Jana nilikwenda karakana mwenyewe. Hukuwepo, Fundi Plasta alishakupa habari na ulikuwa unanunua bahasha. Nilikaa kwenye kiti chako, kina mguu mmoja mfupi, kinakufaa. Nakala ya sauti ninayo tayari. Kisha nikaandika amri ya kubadilisha jina, Z kubwa iwe z ndogo, mafaili yote mawili. Kidole kilinigomea mara mbili. Fundi Plasta akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Kwa hiyo yuko mahali pake sasa, na usimrudishe. Tarehe 31 Desemba utafanya usafi, nami nitakuja nisimame nyuma yako. Utaandika ls kwanza. Utasoma orodha yote kwa sauti, jina kwa jina, bila kuruka, bila kufumba macho.

Ukifika kwenye z, nyamaza. Hilo nitalisoma mimi.

Mdogo wake